Mwanafunzi Namba Arobaini

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe wiki hii. Ameandika: "Mwalimu, wewe ni mjinga wa kujitakia." Namjibu hapa hapa mbele za watu: umesema kweli. Sasa kaa kitako usikie ujinga wenyewe ulifika wapi.

Kwa aliyechelewa, nafupisha. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, umri wangu miaka arobaini na miwili. Miaka kumi na moja iliyopita mume wangu alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya Kiingereza, na tasnifu ikamshinda. Nikamwandikia mimi. Yote, tangu ukurasa wa kwanza hadi marejeo, kwa mkono, kwenye madaftari makubwa tisa, kisha nikaichapa kwenye kompyuta yake. Akafaulu. Akawa mhadhiri, akasoma tena, akawa Daktari. Alipokwisha kuwa Daktari akaona mimi sina hadhi ya kukaa naye meza moja, akaniacha.

Mwaka juzi nikajiandikisha kusoma shahada ile ile. Chuo kile kile, idara ile ile anayofundisha yeye, kwa sababu ndicho chuo pekee kinachotufundisha walimu siku za Jumamosi. Nikawasilisha tasnifu yangu. Mashine ya kukagua wizi wa maandishi ikasema asilimia sitini na moja nimeiba.

Nimemwibia nani? Yeye.

Wiki iliyopita niliwaacha sebuleni kwa aliyekuwa mama mkwe wangu, nikimwomba yale madaftari tisa niliyoyasahau kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake taratibu, akafuta mdomo.

"Madaftari? Nilishawashia jiko zamani," akasema. "Karatasi zake zilikuwa zinashika moto vizuri."

Hapo ndipo tulipoishia. Tuendelee.

Kikao cha kamati ya nidhamu ya kitaaluma kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilifika saa tatu. Nikakaa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mikutano, na bahasha yangu mapajani. Ndani ya bahasha mlikuwa na tasnifu yangu na barua ya kamati. Barua ilisema wazi: nikikutwa na hatia, nafukuzwa, na sitasajiliwa tena chuo chochote cha serikali. Miaka kumi na moja nimeingoja shahada hii. Sikuwa na nyingine ya kuingojea.

Kabla ya yote nikiri na hili, maana niliahidi sifichi kitu. Mashine haikusema uongo. Sura ya pili niliitoa kama ilivyo kwenye flash yangu ya zamani. Na sura ya nne nusu. Nilijiambia, kwa nini nihangaike kutafuta maneno mapya na yangu yapo? Nilisahau kabisa kwamba niliyatoa sadaka. Nilipoifungua ile flash kutafuta ushahidi, faili lenyewe lilionyesha jina la mwandishi: la kwake. Kompyuta ilikuwa yake, wewe ulitaka iandike jina la nani?

Msimamizi wangu akapita. Mama mmoja mpole, mwenye miwani ya kamba, ambaye kwa miaka miwili aliniita "mwanafunzi wangu bora". Siku hiyo aliniita "wewe".

"Wewe, umekuja na wakili?"

"Sina wakili, mama."

"Basi jibu kwa kifupi. Na usinitaje."

Akaingia. Huyo ndiye aliyekuwa upande wangu.

Kisha nikasikia viatu. Viatu vya aliyekuwa mume wangu navijua, kisigino cha kulia kinagonga kwa nguvu kuliko cha kushoto. Suti ya kijivu, kitambaa mfukoni, kitambulisho cha chuo kinaning'inia kifuani. Akasimama mbele yangu akanitazama kwa huruma ya bandia.

"Mwalimu. Hujambo?"

"Sitaki salamu yako."

"Nimekuja kukusaidia. Andika barua ya kuomba radhi sasa hivi, mimi nitawaambia wakupe onyo. Utarudia mwaka, yataisha."

"Nikuombe radhi kwa kuandika kazi yangu?"

"Ulinichapia," akasema. "Usichanganye kuandika na kuchapa. Makarani wanachapa mpaka hukumu za mahakama, hujaona wakajiita majaji."

Jamani! Nilitamani kumrushia benchi. Mtu huyu nimemfulia, nimempikia, nimemwandikia kurasa mia moja na arobaini, mwisho wa siku mimi ni karani.

"Tutaonana ndani," nikamwambia.

"Utajuta."

"Nilishajuta siku ya harusi."

Akacheka, akaenda kusimama dirishani na simu yake. Mimi nikashika bahasha yangu nikatulia, kwa sababu nilikuwa na kitu ambacho yeye hakijui. Nilikuwa na mwanafunzi namba arobaini.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kisa kilipofungwa.

Tasnifu ile niliyomwandikia inachunguza makosa ambayo wanafunzi wa kidato cha pili wanayafanya wanapoandika insha za Kiingereza. Pendekezo la utafiti lilisema insha arobaini. Darasa langu lilikuwa na watoto thelathini na tisa. Mwalimu yeyote anaujua ugonjwa huu: idadi lazima itimie. Tunajaza mahudhurio yatimie, tunajaza alama zitimie, tunagawa vitabu vitimie hata kwa kuvikata katikati. Basi na mimi nikatimiza. Nikatunga insha ya arobaini.

Mwandiko wangu ni wa mwalimu, ungejulikana mara moja. Kwa hiyo nikamwita mdogo wangu wa mwisho, tunamwita Kitinda, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, yupo darasa la saba. Nikamkalisha kwenye meza ya jikoni, nikamsomea neno kwa neno, makosa yakiwa humo humo, naye akaandika. Mada ilikuwa "Siku Nisiyoisahau". Kichwa changu kilikuwa kimechoka, sikuweza kubuni siku ya mtu mwingine. Nikamwandikisha siku yetu sisi wawili.

Mume wangu hakujua. Angejuaje? Alisoma muhtasari na sura ya mwisho tu, akaenda kuitetea kwa tai mpya.

Kwenye tasnifu yangu mwenyewe nilimtoa mtoto huyo. Yangu ina insha thelathini na tisa. Sikutaka kuingia na uongo ule ule mara ya pili.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nitaiomba kamati imuulize Daktari: namba arobaini ni nani? Akijiumauma, amekwisha. Akibuni, amekwisha zaidi. Nami nitakiri kuwa nilimtunga, niadhibiwe kwa hilo, lakini wajue kalamu ilikuwa ya nani. Rejista ya mwaka ule nilishaitafuta, stoo ya shule iliingiwa na mchwa wakaimaliza. Alibaki shahidi mmoja tu duniani, Kitinda. Jumapili nikampigia simu.

"Utakuja kunisemea?" nikamuuliza.

"Nitakuja, dada."

"Utawaambia ni mimi niliyekuandikisha?"

"Dada, nimekwambia nitakuja."

Nikalala usingizi wa mtoto.

Saa nne na dakika tano wakatuita.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na wajumbe watano. Katikati Mwenyekiti, profesa mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Pembeni yake Katibu na kompyuta yake, anaandika kila kinachosemwa. Mimi nikakalishwa upande huu na msimamizi wangu, Daktari upande ule.

"Hapa hakuna kelele," Mwenyekiti akasema. "Mtu anaongea akiulizwa. Anayevunja utaratibu anatoka nje, na kikao kinaendelea bila yeye. Nimeeleweka?"

Tukasema ameeleweka.

Akaanza Daktari. Eeh, anajua kuongea yule mtu! Akaeleza alivyoumia kuona jasho lake limeibwa na mtu aliyekula naye sahani moja. Akaeleza alivyokuwa anakaa darasani kwangu wiki nzima akikusanya insha. Akaeleza kwamba mimi nilikuwa mke msaidizi, nachapa vizuri, Mungu anibariki, lakini baada ya talaka nikaingiwa na chuki nikaondoka na flash.

"Kwa hiyo yeye alichapa tu?" Mwenyekiti akauliza.

"Alichapa tu, Profesa. Na hata kuchapa nilimsahihisha."

Ikafika zamu yangu. Nikasimama, sauti imara. Miaka ishirini ya kufundisha watoto sitini chumba kimoja inakupa sauti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mlinganishe. Tasnifu ya Daktari ina insha arobaini. Yangu ina thelathini na tisa. Iliyopungua ni namba arobaini. Naomba aulizwe, huyo mwanafunzi ni nani?"

Wajumbe wakafungua kurasa. Katibu akatafuta viambatisho, akaikuta insha yenyewe, nakala ya mwandiko wa mtoto. Mwenyekiti akavuta miwani.

"Daktari, swali umelisikia."

Nilimtazama usoni. Nilitaka kuona jasho. Nimeishi naye miaka tisa, najua akibanwa anagusa sikio.

Hakugusa sikio.

"Namba arobaini namkumbuka sana," akasema. "Alikuwa mtoto mwembamba, mkimya, anakaa karibu na mlango. Insha yake ilinigusa kuliko zote. Ndiyo maana nilimfuatilia hata baada ya shule, na mwaka huu nikamsaidia akapata kazi hapa hapa chuoni, maabara ya kompyuta. Kwa ruhusa yako, Profesa, nimekuja naye. Yupo nje."

Maabara ya kompyuta.

Kitinda ana miezi minne tangu apate kazi maabara ya kompyuta. Aliniambia aliomba kwa barua, wakamwita. Nilimchinjia kuku. Nilimnunulia shati. Kumbe aliyempeleka ni nani? Na siri ya namba arobaini Daktari aliipata kwa nani, kama si kwake?

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mdogo wangu, na lile shati nililomnunulia.

Hata hapo, wasomaji wangu, hata hapo bado nilikuwa na tumaini. Nilijiambia, huyu amejifanya wa kwao ili apate kuingia. Atageuka sasa hivi aseme kweli. Nimemlea huyu. Mama alipokufa alikuwa na miaka tisa, baba alishatangulia, mimi ndiye niliyemvalisha soksi za shule. Hawezi.

Akapita karibu yangu hadi nikasikia harufu ya sabuni yake. Hakunitazama.

"Kijana," Mwenyekiti akasema, "unamfahamu Daktari?"

"Namfahamu, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa kidato cha pili. Alikuja darasani kwetu akatuandikisha insha."

"Mwongo!" Nilishasimama, hata sijui nilisimama saa ngapi. "Kidato cha pili cha wapi? Mwenyekiti, huyu ni—"

"Kaa chini!"

"Mwenyekiti, huyu kijana ni—"

"Mwalimu! Neno moja tena, unatoka nje, na uamuzi unatolewa hujui hata umeamuliwa nini. Kaa!"

Msimamizi wangu akanivuta mkono wa gauni. "Kaa, wewe," akaninong'oneza. "Ukitolewa umekwisha. Utapewa nafasi ya kumuuliza."

Nikakaa. Mtaniuliza kwa nini nilikaa. Nilikaa kwa sababu ukimtoa mtu nje hawezi tena kuuliza kitu. Na nikiwa mkweli, nilikaa kwa sababu nilitaka kuona atafika wapi. Nilitaka nimwone mwenyewe, kwa macho yangu.

Na jina la ukoo wetu, halikututambulisha? Hakuna mjumbe aliyeweza kututambua kwa majina. Vyeti vyangu bado vina jina la ukoo wa Daktari. Tangu aniache sijapata nguvu ya kwenda kulifuta.

Daktari akainua mkono kwa adabu. "Profesa, kuondoa shaka, apewe karatasi aandike. Mlinganishe mwandiko."

Ala! Mmeona ubaya huo? Mwandiko ni wake kweli! Kitinda ndiye aliyeiandika ile insha kwa mkono wake, kwenye meza yangu, na kalamu yangu. Alikuwa anakwenda kuulinda uongo wao kwa kitu cha kweli, na kitu chenyewe nilikitengeneza mimi.

Wakampa karatasi na kalamu. "Andika unachokikumbuka cha insha yako," Mwenyekiti akamwambia. "Mistari michache inatosha."

Akainama akaandika. Chumbani unasikia kalamu tu. Aliandika kwa Kiingereza, bila kusita, na mimi kutoka pale nilipokaa nilikuwa naufuata mkono wake naijua kila sentensi. Hajasahau hata moja. Miaka kumi na moja, na yale makosa niliyompachikia bado anayo.

Katikati kalamu ikasimama. Kisha akaendelea.

Karatasi ikapelekwa mbele. Wajumbe wakainamisha vichwa pamoja, karatasi mpya huku, nakala ya zamani kule. Ile "g" yake yenye mkia mrefu. Ile "t" isiyokatwa.

"Mwandiko ni mmoja," akasema mjumbe wa kwanza.

"Ni mmoja," akasema wa pili.

Daktari akaegemea kiti. Akanitazama, na safari hii hakujisumbua hata kuniigizia huruma.

Lakini Mwenyekiti hakuiweka chini ile karatasi. Alikuwa anasoma. Akasoma hadi mwisho, kisha akaanza kuifasiri kwa sauti, polepole, hakuna aliyemwomba.

"Siku tuliyomzika mama, dada yangu alitoka kufundisha akaja moja kwa moja. Mikono yake ilikuwa na chaki. Alisema asinishike kwanza, atanichafua nguo. Nikamwambia nichafue tu. Akanishika. Usiku ule watu walisema nigawiwe kwa wajomba, dada akasema sigawiwi, mimi ni wake..."

Akaiweka karatasi mezani.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kitinda alikuwa anatazama viatu vyake. Daktari, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alipeleka mkono sikioni. Insha yenyewe alikuwa hajaisoma hata siku hiyo! Alitafuta mwandiko, hakutafuta maneno.

"Kijana," Mwenyekiti akasema, sauti imepungua ukali. "Dada yako alikuwa mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Alikuwa anafundisha nini?"

Kitinda akasita. "Kiingereza."

Vidole vya Katibu vikasimama. Msimamizi wangu akavua miwani yake ya kamba. Mjumbe mmoja akaanza kunitazama mimi, kisha kijana, kisha mimi. Tuna paji la uso moja, sote tulimrithi mama. Nikasema moyoni, Ee Mungu, neno moja tu, mdogo wangu. Nyanyua kidole unionyeshe, hata usiseme kitu.

"Na huyo dada," Mwenyekiti akauliza, "yuko wapi sasa?"

Kitinda akainua kichwa. Akamtazama Daktari, aliyempa kazi. Kisha akageuka, na ndipo alipoyatia macho yake kwenye yangu, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Yalikuwa mekundu. Nikamtikisia kichwa kumpa moyo, kama nilivyokuwa namtikisia akiogopa kusoma mbele ya wageni.

"Alishafariki, mzee," akasema.

Katibu akaandika.

"Pole sana, kijana," Mwenyekiti akasema. Wajumbe wote wakasema pole, mmoja baada ya mwingine, hata msimamizi wangu. Na mimi, kwa mazoea ya adabu niliyofundishwa nyumbani, nikausikia mdomo wangu unasema pole.

Mwenyekiti akafunga faili la viambatisho, akanigeukia.

"Haya, Mwalimu. Ulikuwa na haraka sana ya kusema, sasa nakupa nafasi. Una swali kwa shahidi?"

Nikasimama.